Aliyechora ni nani? Thamani ya kazi ya msanifu michoro

Kila kazi ina jina lake, na jina hilo ndilo linalomfungulia mtu mlango anapojitambulisha mbele ya wakwe au mbele ya karani wa benki. Mwalimu akisema yeye ni mwalimu, hakuna anayemtaka ajieleze zaidi. Fundi wa magari, muuguzi, dereva, hata kinyozi, wote hao hueleweka papo hapo. Ama sisi tunaoishi kwa kupanga herufi, rangi na picha kwenye karatasi na kwenye kioo cha tarakilishi, jina letu bado halijapata makazi. Wengine hutuita wachoraji, ilhali wengi wetu hatushiki brashi kabisa. Wengine hutuita wasanii, na hapo mtu hutarajia tuimbe. Nyumbani kwetu mashambani wazee wameafikiana kwamba kazi yangu ni "ya kompyuta", na kwa sababu hiyo nimekwisha kuletewa redio mbili na kikokotoo kimoja nivitengeneze. Mimi nimechagua kujiita msanifu michoro, ingawa natambua kwamba hata jina hilo halina budi kufafanuliwa.

Msanifu michoro ni mtu anayeamua jinsi maneno na picha zitakavyokaa mahali pamoja ili mwenye kuzitazama aelewe upesi na, ikiwezekana, apendezwe. Pakiti ya unga iliyofunguliwa jikoni leo asubuhi ilisanifiwa na mtu. Lebo ya dawa ya kikohozi, tiketi ya basi, jalada la tamthilia inayosomwa darasani, bango la mhubiri lililobandikwa ukutani, hata upana wa safu za gazeti hili, yote hayo yaliamuliwa na mtu aliyekaa akakuna kichwa. Vitu hivi vimetuzunguka mithili ya hewa, nasi hatuulizi vimetoka wapi. Nami nashikilia kwamba kutouliza huko kuna gharama yake. Kijana anayeifanya kazi hii hulipwa kana kwamba hakufanya kitu, na mtoto mwenye kipawa chake huambiwa atafute masomo ya maana.

Watu wakiniuliza ni kazi gani hasa inayonilisha, hutarajia nitaje nembo za kampuni kubwa au majalada ya santuri. Ukweli ni kwamba kinacholipa kodi ya chumba changu hapa Nairobi, mwezi baada ya mwezi, ni vijitabu vya ratiba ya mazishi. Walimu wanaosoma makala haya watanielewa, kwa maana aghalabu wao ndio makatibu wa kamati za mazishi vijijini, na ndio wanaoandika wasifu wa marehemu usiku kucha kwa mwanga wa simu.

Kazi hii huja Jumanne au Jumatano jioni, na makataa yake hayasongezwi hata kwa saa moja, kwani Jumamosi watu watakuwa wamekwisha kuketi chini ya hema. Picha ya marehemu huletwa kwa simu. Mara nyingi ni picha aliyopigwa katika harusi ya mtu mwingine, amesimama katikati ya watu sita, na bega la jirani limemfunika nusu ya koti. Inanipasa kumtoa katika kundi hilo, nimshonee bega jipya, kisha niifute nyuma yake keki ya harusi. Isitoshe, picha inayotumwa kwa WhatsApp hupunguzwa ukubwa njiani. Chapa safi huhitaji nukta zipatazo 300 katika kila inchi, na picha hiyo ikikuzwa hadi kujaza jalada, marehemu huonekana kana kwamba anatazamwa kupitia chandarua. Ndipo hupiga simu tena kwa adabu zote kuuliza kama hakuna picha nyingine, labda ile iliyotundikwa sebuleni.

Kisha kuna hesabu ambayo hakuna kamati inayoifikiria mapema. Kijitabu kinachokunjwa katikati na kubanwa kwa pini lazima kiwe na kurasa zinazogawanyika kwa nne. Kikiwa cha kurasa 8, shangazi akileta rambirambi zake Alhamisi usiku, hakiwezi kuwa cha kurasa 9. Kitakuwa cha 12, na hizo tatu zilizobaki zitafutiwe cha kuzijaza, na bei ya uchapishaji ipande kwa kila nakala. Kuna pia suala la rangi. Kioo cha tarakilishi huchanganya mwanga mwekundu, wa kijani na wa buluu, ilhali mtambo wa chapa hutumia wino wa samawati, majenta, manjano na mweusi. Zambarau ile inayong'aa ambayo familia imeipenda kwenye simu haimo katika uwezo wa wino, na ikifika karatasini hufifia. Kuyaeleza hayo kwa watu walio katika msiba kunahitaji ulimi ulionyooka kuliko kipanya.

Hata hivyo, jambo zito zaidi ni orodha ya majina. Nani ametajwa kwanza, nani amewekwa kwa herufi nene, mke yupi yuko juu na yupi yuko chini, mtoto yupi ameandikwa kwa jina la ukoo na yupi kwa jina la ubatizo tu. Mpangilio wa majina waweza kuvunja boma. Niliwahi kupigiwa simu na pande mbili za familia moja, kila upande kwa siri, kila mmoja ukinisihi nihakikishe kwamba jina fulani limetangulia jingine. Nilifikiri sana. Mwishowe niliyapanga majina yote kwa mduara kuizunguka picha ya mzee, pasiwe na wa kwanza wala wa mwisho. Asubuhi yake mwenyekiti wa kamati alinipigia simu, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Kijana, umetuokoa." Sijapata sifa nyingine iliyonifurahisha kuliko hiyo, na sidhani kwamba aliyeitoa alijua kuwa alikuwa akizungumzia usanifu.

Nayatilia mkazo mambo haya kwa sababu kijitabu hicho ndicho, kwa watu wetu wengi, kitabu cha pekee kitakachowahi kuchapishwa juu ya maisha yao. Mkulima aliyepalilia ekari mbili za mahindi kwa miaka hamsini hapati mwandishi wa wasifu. Anapata kurasa nane, picha tano na nyimbo tatu za ibada. Ndiyo maana hunikera kuona kila marehemu, awe bibi wa miaka tisini au mwanafunzi, akizungushiwa mawingu yale yale, njiwa wale wale na ngazi ile ile ya dhahabu iendayo mbinguni. (Na kwa heshima kubwa nawasihi makatibu wa kamati: aina ya herufi iitwayo Comic Sans, iliyobuniwa na Vincent Connare mwaka 1994, ilikusudiwa katuni na mazungumzo mepesi ya tarakilishi. Yafaa kwa darasa la chekechea, ambako watoto hufurahia umbo lake linalofanana na mwandiko wa mkono. Haifai kwa tanzia.)

Ufundi huu wa kupanga maneno na ruwaza katika nafasi ndogo haukuletwa na tarakilishi. Mwanamke wa Pwani amebeba kazi ya usanifu mabegani mwake kwa zaidi ya karne moja. Kanga, kama wajuavyo wanafunzi wa fasihi simulizi, ina sehemu tatu: pindo linalozunguka pande zote nne, mji ulio katikati, na jina, yaani yale maneno yanayochapwa karibu na ukingo wa chini wa mji. Anayeisanifu hujua kwamba kitambaa hicho hakitatazamwa kikiwa kimetandazwa mezani. Kitafungwa kifuani, kitatupwa kichwani, kitambeba mtoto, kitafunika sinia. Jina lazima likae mahali litakaposomeka mgongoni mwa mtu anayetembea, tena lisomwe na yule hasa anayelengwa, pengine jirani aliyesimama dirishani. Ndiyo sababu maneno yake ni machache na herufi zake ni kubwa na wazi. Zamani jina hilo lilichapwa kwa hati ya Kiarabu, baadaye likahamia katika herufi za Kirumi, na mpangilio wa kanga ukayameza mageuzi hayo bila kutetereka. Sisi tunaosanifu mabango ya barabarani tunalipwa kutatua fumbo lilo hilo: maneno machache, mtazamaji aliye mbioni, nafasi yenye mipaka.

Kule Mombasa, duka la Kaderdina Hajee Essak lililoanzishwa mwaka 1887 lilijipatia sifa kubwa kwa kanga zenye alama ya "K.H.E. – Mali ya Abdulla", na alama hiyo ingali inatambuliwa na akina mama wengi. Tazama basi ajabu ya mambo: alama ya mwenye duka imo kitambaani, ilhali majina ya waliochora korosho, mananasi na majogoo ya miji hiyo hayakuchapwa hata pindoni.

Kizazi changu, bila shaka, hakikulelewa na kanga pekee. Wazazi wetu walicheka na Juha Kalulu, yule mhusika wa Edward Gitau aliyedumu katika kurasa za Taifa Leo kwa miongo mingi, na wengine wakasoma jarida la Joe lililoanzishwa na Terry Hirst na Hilary Ng'weno mwaka 1973. Sisi tulikuja tukakuta kanda za video, kisha sahani za muziki, kisha mitandao. Wapo wanaosikitika kwamba vijana tumemezwa na ya kigeni. Mimi sioni kwamba jambo hilo ni jepesi hivyo, na mfano wangu ni Makmende.

Mnamo Machi 2010 kundi la muziki la Just a Band, ambalo wanachama wake walikutana katika Chuo Kikuu cha Kenyatta, lilitoa video ya wimbo wao "Ha-He". Shujaa wa video hiyo aliitwa Makmende. Jina lenyewe lilikuwa limezunguka katika mitaa ya Nairobi tangu utoto wa kaka na dada zetu. Lilitokana na maneno ya Kiingereza aliyoyasema Clint Eastwood katika filamu ya mwaka 1983, yakasikika visivyo, yakatamkwa kwa ulimi wa mtaani, na hatimaye yakawa jina la mtoto yeyote anayejitia ubabe. Mavazi, rangi zilizofifia na maandishi ya video hiyo viliigwa kutoka filamu za Marekani za miaka ya sabini. Kwa siku chache Wakenya walijaza mitandao vichekesho kumhusu Makmende, pamoja na majalada ya kubuni ya majarida ya kigeni yenye uso wake, na magazeti ya nje yakaandika habari hiyo kama mara ya kwanza kwa kichekesho cha mtandaoni kilichozaliwa Kenya kuvuma namna hiyo.

Wengi walikumbuka kicheko. Mimi nilibaki nikizitazama herufi. Waliozipanga walijua kwa hakika filamu za enzi ile zilivyoandikwa: unene wa herufi, rangi ya manjano iliyopauka, mikwaruzo ya filamu iliyochakaa. Kuiga kwa namna hiyo ni kusoma. Mwanafunzi wa ushairi hujifunza arudhi kwa kutunga mashairi yanayofuata kaida za waliomtangulia, naye msanifu hujifunza vivyo hivyo. Jina lilikopwa, mtindo ukakopwa, na kilichotokea hakikufanana na kitu chochote cha Marekani.

Kama yupo angali anaamini kwamba michoro ni mapambo tu, na akumbuke kura ya maoni ya tarehe 21 Novemba 2005. Tume ya uchaguzi ilihitaji alama mbili rahisi ili hata asiyejua kusoma aweze kupiga kura. Waliounga mkono katiba iliyopendekezwa walipewa ndizi, waliopinga wakapewa chungwa. Hakukuwa na falsafa yoyote ndani ya matunda hayo. Lakini chungwa ni duara, lina rangi yake yenyewe, na jina la tunda ndilo jina la rangi; mtoto aweza kulichora kwa kijiti mchangani. Wapinzani walilibeba mikononi, wakavaa rangi yake, wakashinda, na baada ya kura hiyo wakaanzisha vuguvugu lililobeba jina la Orange, ambalo limebaki katika siasa za nchi hii hadi leo. Mchoro uliotolewa na ofisi kama nambari ya foleni ukawa kabila jipya la kisiasa. Ilipofika kura ya maoni ya Agosti 2010, alama zilikuwa rangi mbili tu, kijani na nyekundu, na yamkini waliozichagua walikuwa wamejifunza kuyaogopa matunda.

Swali linalonijia kila nikumbukapo hayo ni hili: mtoto wa Kenya anafundishwa wapi kuzisoma alama kama hizi? Walimu wa umri wa makamo watakumbuka kwamba katika mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, Sanaa, Ufundi na Muziki vilitahiniwa katika darasa la nane. Walikumbana na mabunda ya katani, udongo wa mfinyanzi na mifagio iliyonunuliwa sokoni usiku na kuletwa shuleni asubuhi kama kazi ya mikono ya mwanafunzi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 masomo hayo yakaondolewa katika mtihani wa KCPE kwa hoja ya kupunguza mzigo. Hoja ilikuwa na uzito. Lakini sote tunajua linalolipata somo lisilotahiniwa: kipindi chake kinabaki kwenye ratiba ukutani na hesabu zinafundishwa ndani yake. Kizazi changu ni kizazi cha vipindi hivyo vilivyoazimwa.

Mtaala wa umilisi umeirudisha sanaa, angalau kwa maandishi, na wanafunzi wake wa kwanza walipangiwa kuingia Gredi ya 10 mwaka 2026 wakiwa na mikondo mitatu ya kuchagua, mmojawapo ukiwa Sanaa na Sayansi ya Michezo. Hofu yangu ni kwamba mkondo huo utageuzwa kuwa jalala la wale walioshindwa kwingine. Nayasema haya nikijua wazazi wanavyozungumza. Mzazi akiambiwa mwanawe amechagua sanaa, huuliza kwa sauti ya chini kama kuna jambo limemsibu mtoto.

Ilhali nyenzo zimo humo humo shuleni. Mwalimu anayegawanya ubao wake vizuri, tarehe juu, istilahi kushoto, mfano katikati, huku akiacha nafasi tupu ili jicho lipumzike, anasanifu kila siku bila kujua. Mwingine hujaza ubao kutoka pembe hadi pembe, kisha akashangaa kwa nini madaftari ya wanafunzi yamevurugika. Kanga moja iliyoazimwa kutoka kabati la mzazi yatosha kwa somo zima la mpangilio, ulinganifu na fasihi simulizi. Na yule kijana wa safu ya nyuma anayechora majina ya wanamuziki kwenye jalada la daftari, herufi zikiwa na vivuli na pembe, anafanya zoezi ambalo vyuoni hulipiwa karo. Daftari lake likinyang'anywa, basi na litazamwe kwanza kabla ya kutiwa kabatini.

Nimesema juu ya malipo, na hapa sitaki kuzunguka mbuyu. Mteja wa kawaida huamini kwamba tarakilishi ndiyo inayofanya kazi na mimi ni wa kubonyeza tu. "Si dakika tano tu, kijana wangu?" huniuliza. Naam, yawezekana ni dakika tano za kubonyeza, baada ya siku mbili za kufikiri. Mwenye mkahawa mmoja aliniomba vielelezo vitatu vya nembo "aone kwanza", akaviona, akashukuru, akanyamaza. Baada ya miezi miwili nilipita mbele ya mkahawa huo nikakikuta kielelezo changu cha pili kimepakwa ukutani na mtu mwingine, kikombe changu na mvuke wangu, ila herufi zimeharibiwa. Nilinunua chai hapo. Ilikuwa chai nzuri.

Sasa imeongezeka mashine. Tangu mwaka 2013 kumekuwapo na Canva, ambayo humwezesha mtu yeyote kupanga bango kwa kuburura violezo, na tangu mwaka 2022 programu za akili unde zinazochora picha kwa kuandikiwa maelezo zimeenea kote. Baadhi ya wenzangu huzilaani. Mimi huzitumia, na sioni aibu, kama ambavyo waliotutangulia hawakuona aibu programu za kupanga kurasa zilipokuja katikati ya miaka ya themanini zikachukua mahali pa makasi na gundi. Linalonitia wasiwasi ni jambo jingine. Mashine hizi zimeanzia chini, katika kazi ndogo ndogo: kadi ya mchango, tangazo la saluni, kijibango cha kongamano la vijana wa kanisa. Kazi hizo ndizo zilizokuwa shule yetu. Hapo ndipo chipukizi alipokosolewa na fundi mzee wa chapa huko River Road, akaambiwa kwamba kingo ni finyu na makasi yatakula maneno. Kama mlango wa chini utafungwa, mafundi wa juu wa miaka ishirini ijayo watatoka wapi? Nimewauliza waajiri kadhaa swali hilo, nao wamenijibu kwa kutazama saa.

Wanafunzi hupenda kusimuliana habari za Carolyn Davidson. Mwaka 1971, akiwa mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Portland State, Marekani, alichora alama ile ya Nike iliyopinda kama kiwiko, akalipwa dola 35. Kisa hicho husimuliwa kana kwamba kinaishia hapo. Mwaka 1983 kampuni hiyo ilimwita tena, ikampa pete yenye almasi na hisa zake. Hisa hizo zilikuwa hisani. Hazikuwa haki aliyoweza kuidai, na kijana wa Kenya asipange maisha yake kwa kutarajia hisani ya namna hiyo.

Aanzie kwenye sheria. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inasema kwamba mwenye kutunga kazi ndiye mmiliki wake wa kwanza, lakini kazi ikiwa imeagizwa na mteja, hakimiliki huhesabiwa kuwa imehamia kwa aliyeagiza, isipokuwa pawe na makubaliano tofauti. Wasanifu wengi wachanga hawaijui sehemu hii. Hudhani kwamba kwa kuwa wao ndio waliochora, mali ni yao. Karatasi moja yenye sahihi mbili, iliyoandikwa kabla ya kalamu kugusa chochote, yaweza kubadili hali hiyo: ni vielelezo vingapi vitakavyotolewa, ni nusu ipi ya fedha italipwa mbele, na mchoro ni wa nani fedha zisipolipwa. Sheria hiyo hiyo inaongeza jambo ambalo sijaona likitajwa sana. Hata baada ya haki za kiuchumi kuhamia kwa mtu mwingine, mtunzi hubaki na haki ya kutambuliwa kwamba kazi ni yake, na ya kupinga isiharibiwe kwa namna ya kumvunjia heshima.

Watu pekee katika fani hii niliowaona wakiitumia haki hiyo bila wakili ni wachoraji wa matatu. Gari hilo lililopata jina lake kutokana na nauli ya sarafu tatu za senti kumi limekuwa jumba la makumbusho la vijana wa Nairobi. Mnamo Februari 2004, kanuni za waziri John Michuki zilipoanza kutekelezwa, magari yote ya abiria yalitakiwa kuvaa mstari wa manjano, na michoro ikafutwa kwa rangi moja ya kuchosha. Mikanda ya usalama na vidhibiti mwendo vilivyokuja na kanuni hizo vilihitajika sana. Sikuelewa tu michoro ilimgonga nani. Yapata muongo mmoja baadaye Rais Uhuru Kenyatta aliiruhusu irudi, nayo ikarudi kwa kishindo. Ukisimama leo kwenye kituo cha magari ya Buruburu au Ongata Rongai utawaona wanafunzi wakiliacha gari tupu lisilo na mchoro lijiondokee, wangoje lenye sura za wanamuziki, wachezaji kandanda na manabii, zikiwa zimepangwa kwa ustadi juu ya madirisha na milango ambayo haikuumbwa kwa ajili ya picha. Mwenye gari analijua hilo, na ndiyo sababu hulipa.

Siku hizi stika kubwa zinazochapwa kwa mtambo zinaanza kuchukua mahali pa rangi ya kupuliza, na mabishano juu ya ipi ni bora huendelea katika gereji hadi usiku. Lakini kabla gari halijatoka, fundi hulizunguka kwa mara ya mwisho akiwa na kopo dogo la rangi nyeupe au kipande cha stika. Huinama nyuma ya gari, karibu na bampa, mahali ambapo dereva aliye nyuma kwenye msongamano wa Barabara ya Jogoo hatakuwa na kingine cha kusoma, akaandika jina lake na nambari yake ya simu.